Barua ya Ifo: Kufua au Kuvua

Nimekabidhi ofisi. Funguo nne, mihuri miwili, rejista za ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, mashine ya taipu ambayo haitumiki tena, na feni inayozunguka ikijisikia. Karani mpya ametia sahihi, nami nimetia sahihi, na Padre amesali sala fupi kwa sababu ilikuwa saa nane mchana, na Garissa saa nane mchana haina subira na sala ndefu. Namshukuru Mungu aliyenipa kazi ya kivulini katika mji wenye vivuli vichache.

Ninyi mnaoendelea na kazi hii mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa karani wa parokia huanza karani na huisha karani. Nitakaa zaidi kwenye barua moja, kwa sababu ya maswali mliyoniletea tangu Baba Mtakatifu yule alipoachia ngazi. Mmoja wenu alikuja na karatasi alizozitoa kwenye mtandao, amezipigia mistari kwa wino mwekundu. Zilidai kwamba kujiuzulu kwake ni batili, kwa kuwa katika Kilatini alitumia neno la kazi mahali palipotakiwa neno la cheo. Eti aliacha kutenda bila kuacha kuwa.

"Mzee, wewe ulipita seminari," akaniambia. "Hebu soma. Huoni kuna mkono wa mtu hapa?"

Siku ile nilizikunja karatasi zake nikamrudishia. Swali lake nilikuwa nimewahi kulishika kwa mikono yangu mwenyewe, miaka ya tisini, na likaniunguza.

Nilifika Garissa nikitoka seminari, ambako walimu wangu waliona, kwa upole wao, kwamba ningefaa zaidi kwenye karatasi kuliko altareni. Ofisi ilikuwa mikononi mwa Sista Agnesa, mtawa mfupi aliyevaa miwani mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kukutazama. Siku ya kwanza hakunionyesha kiti. Alinipa cheti cha ubatizo, akasema, "Niambie kina ugonjwa gani."

Nilikisoma mara tatu. Majina yalikuwa sawa, muhuri ulikuwa sawa.

"Sioni kitu, Sista."

"Padre aliyetia sahihi hapa nilimwosha mimi mwenyewe alipofariki. Siku inayotajwa hapa alikuwa na mwaka mzima kaburini."

Ndipo akanionyesha kiti.

Alinifundisha kunusa karatasi, maana wapo waliozilowesha kwa chai ili zionekane za zamani, nazo hubaki na harufu ya tangawizi. Alinifundisha kuweka miguu ya kabati ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasizifikie rejista, na kuchovya kalamu kidogo kidogo, kwa kuwa kwa joto lile wino hukauka kwenye ncha kabla hujamaliza jina la mtu. Zaidi ya yote alinifundisha kushuku. Mtu akikuletea karatasi, alisema, usimtazame aliyeileta. Jiulize nani aliiandika, na alitaka nini. Nilimwelewa haraka, pengine haraka mno. Kujishuku mwenyewe hakunifundisha. Alihamishwa kabla hatujafika hapo.

Katekista wetu mkuu wakati huo alikuwa Mzee Filipo. Kabla ya kuingia kazi hiyo alikuwa fundi wa mashine za visima, Buna na kwingineko upande wa Wajir, na mikono yake ilibaki ya kushika spana hata alipokuwa ameshika msalaba. Alijua Kisomali cha visimani, yaani cha kugombana na kupatana siku hiyohiyo. Masomo yote aliyajua kwa kichwa, na ilikuwa heri, kwa sababu macho yake yalikuwa yakififia. Alikuwa na kanzu nyeupe ya katekista, ndefu kuliko kanzu yoyote ya sakristia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mrefu kuliko mlango wa sakristia.

Kambi zilipofunguliwa kule Dadaab, karibu wote waliokuja walikuwa Waislamu kutoka Somalia. Lakini Ifo kulikuwa na familia chache za Wakristo, Wahabeshi na Wasudani wa kusini, na Padre alimtuma Mzee Filipo akawafundishe. Kila Kwaresima alihamia huko, akarudi Jumapili ya Matawi na majina ya watakaobatizwa Pasaka. Parokia yetu ilikuwa na sheria moja: jina la mtu halisomwi Pasaka mpaka katekista aliyemfundisha asimame na kumshuhudia kwa mdomo wake. Katekista akiondoka, wanafunzi wake wanaanza upya na mwingine, mwaka mzima.

Mwaka ninaousimulia, katikati ya Kwaresima, dereva wa lori la chakula alileta barua kutoka Ifo. Mwandiko haukuwa wa Mzee Filipo. Miwani yake ilikuwa imevunjika, na kule kambini alisomewa na kuandikiwa barua na Maalim Abdi, mkimbizi Msomali aliyeweka meza sokoni kwa kazi hiyo. Barua ilikuwa fupi na bado naijua kwa moyo:

"Baadari, barua yako nimesikia. Umesema kweli. Mimi mzee, macho imekwisha. Siku ya Matawi nafua kanzu, narudisha kwako. Tafuta mtu ingine wa Basaka. Filibo."

Baadari ndivyo Wasomali wanavyomwita padre. Wetu alikuwa mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, na alikijua vizuri sana mpaka mtu alipofungua mdomo. Alituita ofisini, mimi na mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, Sajini Kioko, askari mstaafu ambaye cheo chake kilikataa kustaafu naye. Padre alifungua kamusi.

"Kufua," akasoma. "Kusafisha nguo kwa maji na sabuni. Basi Mzee anafua kanzu. Ni jambo jema."

"Padre, hiyo si kufua," Sajini akasema. "Msomali hana v. Mwambie aseme Veronika uone. Hapa Pasaka imekuwa Basaka, Filipo amekuwa Filibo. Na navua imekuwa nafua. Mzee anavua kanzu. Amejiuzulu."

"Lakini kufua kupo."

"Kupo, Padre. Hata kuvua samaki kupo. Lakini Ifo hakuna samaki."

Padre aliinamia tena karatasi. "Na hapa? Anasema, 'Umesema kweli.' Nimesema kweli gani?"

"Padre husema kweli kila siku," Sajini akajibu, na tukaendelea na mengine.

Mimi, niliyefundishwa kukagua hata harufu ya karatasi, niliiruka sentensi hiyo. Muda wote nilikuwa nikimtazama Sajini, nikijiuliza mbona ana haraka.

Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imeenea. Waliosema Mzee anafua tu waliitwa madobi. Waliosema amevua waliitwa wavuvi. Madobi waliongozwa na Mama Tabitha wa chama cha akina mama, mwanamke ambaye angeweza kubishana na kengele. Miaka ile Baba Mtakatifu wa wakati huo alikuwa ameanza kutetemeka mkono, na magazeti yalikuwa yakiuliza kama papa anaweza kuondoka mwenyewe, kwa hiyo ugomvi wa kanzu ulipanda ngazi mpaka Roma.

"Papa hajiuzulu, na katekista hajiuzulu!" Mama Tabitha alisema uani baada ya Misa. "Petro alijiuzulu lini?"

"Petro alikuwa nani, Mama?" mtu akauliza.

"Mvuvi!"

"Basi yuko upande wetu."

Watu walicheka, naye akacheka huku amekasirika, kisha akanigeukia. "Karani, wewe uliyekula ugali wa seminari. Sema."

Nikasema. Niliwaeleza kwamba papa anaweza kujiuzulu, na kwamba karne nyingi zilizopita mmoja alifanya hivyo akarudi kwenye upweke wake. Linalotakiwa ni awe ametaka mwenyewe na ameonyesha wazi, na hakuna wa kumkubalia wala kumkatalia. Wenye nafasi nyingine katika Kanisa hujiuzulu kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Lakini mtu akijiuzulu kwa hofu aliyotiwa bila haki, au kwa hila, au kwa kosa kubwa la kutojua ukweli, kujiuzulu huko ni bure, hata kama barua ina mihuri saba. Katekista si askofu, nikasema, lakini kipimo ni kizuri kwa kila mtu. Niliyasema hayo kwa sauti ya msomi, mikono nyuma.

Mwenye duka la mkabala, Mwislamu aliyekuwa akitusikiliza tangu mwanzo, alitingisha kichwa. "Sisi imamu akichoka anarudi safu ya nyuma, mwingine anasogea mbele. Nyinyi kila kitu karatasi, karatasi."

Sajini alisubiri wiki ipite, kisha akapendekeza mrithi: mimi. "Karani amesoma, ana macho, na kanzu itapunguzwa upindo," alimwambia Padre. Nilijibu kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe, ambayo ni namna ya kusema ndiyo bila kuonekana umeitaka.

Nilifungua faili. Nilimshuku Sajini kwamba alimtumia Mzee vitisho kupitia askari wenzake wanaosindikiza malori. Nilimshuku Maalim Abdi kwamba aliandika yake, labda kuna watu kambini wasiotaka mafundisho yetu. Nilimshuku hata Padre, kwamba amemchoka mzee asiyeona. Nilitoa nakala ya kaboni ya barua ya mwisho tuliyompelekea Mzee Filipo nikaisoma: maagizo ya Kwaresima, orodha ya vitabu, siku ya kuleta majina. Hakuna kosa. Nikairudisha kwenye faili nikiwa mtulivu kabisa.

Padre alikuwa na rafiki katika shirika moja la misaada pale mjini lenye redio ya kuzungumza na kambi. Tulikwenda. Opereta wetu alikuwa mtu wa bara. Wa Ifo alikuwa Msomali.

"Ifo, Ifo, muulize Mzee Filipo, amevua kanzu au amefua kanzu? Ova."

Tulingoja. Redio ilikoroma.

"Garissa, nimebata. Anasema ndio, amefua. Ofa."

"Ifo, rudia. Amefua kwa F ya Filipo, au amevua kwa V ya Veronika? Ova."

Mkoromo mwingine, kisha sauti ya mtu aliyefurahi kupata jibu: "F ya Feronika. Ofa."

Padre alitoka nje akavuta pumzi. "Bwana Karani, utakwenda mwenyewe. Muulize uso kwa uso. Kama amejiuzulu kwa hiari, rudi na kanzu, na wewe uanze na wale watu. Kama hakujiuzulu, arudi na majina yao."

Njia ya Dadaab siku zile ilipitwa kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi. Nilipanda lori la mahindi na daftari langu kifuani. Sikuogopa majambazi sana. Nilikuwa nikipanga maswali.

Nilianza na Maalim Abdi, kwa kuwa Sista Agnesa angeanza na yeye. Nilimkuta sokoni Ifo kwenye meza yake, chini ya turubai, mikokoteni ya punda ikipita na mitungi ya maji. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu nyekundu za hina, na kalamu tatu mfukoni, zote zenye vifuniko.

"Nabad, Maalim."

"Nabad, nabad. Wewe ndio Karani ya baadari? Mashallah. Barua yako safi sana, mashine inabiga mstari kama bolisi wa gwaride."

Nilimwekea barua mezani. "Hii umeandika wewe?"

"Mimi."

"Mzee alikuambia nini, neno kwa neno?"

"Alisema andika, nafua kanzu."

"Kufua kwa sabuni?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ngamia ana miguu. "Sabuni ya nini? Kufua!" Akashika ukosi wa shati lake kwa mikono miwili, akalivuta juu ya kichwa mpaka kitovu kikaonekana. "Hifi!"

Wauza maziwa waliokuwa karibu waliangua kicheko.

"Na nguo chafu ukiitia ndani ya maji na sabuni, unaitaje?"

"Kufua."

"Kwa hiyo yote mawili ni kufua."

"Karani, mtu anafua nguo, halafu anafua. Kwanza hii," akagusa ukosi, "halafu hii," akasugua ngumi kwa ngumi. "Ukifua bila kufua utaungua na maji. Shida iko wabi?"

Basi wavuvi walikuwa wameshinda. Nilimwuliza kama kuna mtu alimshika Mzee, alimtisha, alimpa maneno. Aliweka mkono kifuani. "Wallahi, adeer alikuja beke yake. Nilimsomea barua ya baadari. Akachukua barua, akaenda. Siku ya nne akarudi akasema andika. Hata chai hakunywa."

Neno adeer ni la heshima, baba mdogo. Sikuona uongo usoni mwake, na hilo liliniudhi, kwa sababu alikuwa mshukiwa wangu bora.

Mlangoni pa kibanda walichofundishiwa nilimkuta mwanamke mrefu, Msudani wa kusini, akifagia. Alikuwa Rebeka, mmoja wa wanafunzi. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya Mzee. Alitazama daftari langu, akaacha kufagia.

"Umekuja kutufuta, Karani?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Jina hili Rebeka nimelichagua mwenyewe. Miaka miwili naliazima. Mzee akienda naliazima tena?"

Nikafunga daftari, nikaingia.

Mzee Filipo alikuwa ameketi kwenye kopo la mafuta lililogeuzwa, amevaa fulana na kikoi. Alinitambua kwa sauti, akasimama kunisalimu, akaniuliza habari za kila mtu kwa jina, mpaka za feni. Kisha akageuka, akatoa kwenye gunia kanzu yake. Ilikuwa imefuliwa ikang'aa, imepigwa pasi ya mkaa, imekunjwa pembe kwa pembe.

"Nilijua watakutuma wewe," alisema. "Ivae tuone."

"Mzee, kwanza nina maswali."

"Vaa kwanza. Maswali huulizwa vizuri mtu akiwa amevaa."

Nikavaa. Mikono ilipita vidole vyangu, na upindo ulilala chini mchangani. Alinizunguka akipapasa mabega kwa vidole vya fundi, akivuta hapa, akinyoosha pale.

"Itapunguzwa," alisema.

"Mzee Filipo, umejiuzulu kwa hiari yako? Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna."

"Sajini?"

"Sajini anilazimishe nini? Nimejiuzulu kwa sababu Padre aliniandikia, na aliyoniandikia ni kweli."

"Padre alikuandikia nini?"

Alitoa barua ndani ya kitabu chake cha sala. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka imelainika kama kitambaa. Niliisoma. Maagizo ya Kwaresima, orodha ya vitabu, siku ya kuleta majina, yote kama nakala yangu. Kisha, katika nafasi iliyobaki kati ya mstari wa mwisho na sahihi ya Padre, palikuwa na mistari miwili iliyokaa upande kidogo, kama karatasi iliyotolewa kwenye mashine ikarudishwa:

"Kuhusu kanzu ya katekista: tumepata habari kwamba siku hizi huvai. Tueleze kwa nini."

Niliijua mistari hiyo. Sajini alikuwa ameniambia, kwa mzaha, kwamba askari wa msafara walimwona Mzee akifundisha kwa fulana. Padre alikuwa ameshatia sahihi. Mimi nikairudisha karatasi kwenye mashine, peke yake, bila kaboni, nikaongeza. Nilijiambia ni kwa ajili ya utaratibu, nikaiondoa mawazoni. Ndiyo maana nakala yangu haikuwa na kosa.

"Maalim alikusomea vipi hapa?" niliuliza.

Mzee alifumba macho. "'Kuhusu kanzu ya katekista: tumepata habari kwamba siku hizi hufai. Tueleze kwa nini.'" Akayafumbua. "Nilikaa siku tatu nikitafuta kwa nini, nimweleze Padre. Nikapata sababu nyingi. Nikaona nisimchoshe, nirudishe tu."

Nje, Rebeka alisogea karibu na mlango, ufagio mkononi.

"Mzee, hapa hapakuandikwa hufai. Pameandikwa huvai. Kwamba huvai kanzu."

"Huvai?"

"Huvai. V ya Veronika."

Alikaa tena kwenye kopo lake. "Lakini mimi navaa. Saa ya sala navaa. Mchana naitundika msumarini, kwa sababu nikipita nayo sokoni watu wanadhani mimi ni sheikh. Wananiletea watoto wagonjwa niwasomee dua. Niliona ni kuwadanganya." Akatafakari. "Huvai. Kumbe huvai."

"Wewe unajua Kisomali, Mzee. Unajua wanavyotamka. Hukushuku?"

"Ningeweza kuuliza. Lakini neno lile nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe siku nyingi, Karani. Liliposomwa, nikaona Mungu amelitia saini."

Hapo palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kosa lilikuwa limepatikana, nalo lilikuwa la herufi. Lingeweza kulazwa juu ya ulimi wa Maalim Abdi, naye asingejua.

"Mungu hakulitia saini," nilisema. "Wala Padre. Padre hajaiona mistari hii. Niliiongeza mimi, akiwa amekwisha kutia sahihi."

Alinigeuzia uso, macho yake yakitafuta mahali nilipo. "Kwa nini?"

"Sijui vizuri. Nilitaka ujue kwamba ofisini kuna mtu anayekuona."

"Au uliitaka kanzu?"

Nilikuwa nimesimama ndani yake, nimeukanyaga upindo. "Nadhani niliitaka."

Alipapasa hewani mpaka akaushika mkono mmoja wa kanzu. "Basi umeivaa," alisema mwishowe. "Unaionaje?"

"Ndefu."

"Eeh. Ndefu." Alinyoosha mkono. "Nipe."

Niliivuta juu ya kichwa nikampa. Aliipokea, akaipapasa upindo, akakuta mchanga.

"Umevua au umefua?" aliuliza, kwa sauti kavu kabisa.

"Nimevua, Mzee."

"Basi nenda ukafue. Umenichafulia."

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na Rebeka akaingia na kikombe cha maji. Nilifua kanzu ile mwenyewe kwenye karai, mbele ya wanafunzi wote, na hakuna aliyenisaidia. Jua la Ifo liliikausha kabla sijamaliza kusuuza karai.

Jumapili ya Matawi Mzee Filipo alisimama kanisani Garissa akiwa ameivaa, akawashuhudia watu wake mmoja mmoja bila kusoma popote. Madobi walisema tuliwaambia. Wavuvi walisema alikuwa amevua, akavaa tena. Wote walikuwa sahihi, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote.

Padre nilikuwa nimemweleza yote siku niliyorudi. Alisikiliza, akachukua kitabu cha sheria za Kanisa, akakifungua, akakifunga.

"Basi hakujiuzulu," alisema. "Alidanganyika katika jambo lenyewe, na hila ilikuwemo. Ni bure."

Nikamwambia kwamba najiuzulu mimi.

"Kwa hiari au kwa hofu?"

"Kwa aibu, Padre."

"Aibu haimo kwenye sheria. Rudi mezani. Na kuanzia leo, kila barua utanisomea kwa sauti ikiwa imeshafungwa tayari kutiwa gundi." Kiswahili chake kilikosea mpangilio, lakini nilimwelewa: kabla haijafungwa. Nilimsomea kila barua hadi alipoondoka Garissa, hata zile za kuagiza mishumaa. Pasaka niliandika jina la Rebeka kwenye rejista kwa mkono wangu, polepole, nikichovya kalamu kila herufi.

Mzee Filipo alijiuzulu kweli baada ya Pasaka mbili nyingine, macho yakiwa yamezima kabisa. Safari hii alikuwa na mashahidi wawili: Rebeka, ambaye Padre alimchagua kumrithi, na Maalim Abdi. Abdi ndiye aliyeandika. Ili ugomvi usirudi, chini ya maneno alichora msumari ukutani, na kanzu ndefu imetundikwa, haina mtu ndani. Pembeni yake akaandika: "Hii si ya sabuni." Barua hiyo iko kabati la pili, droo ya chini. Sijawahi kuona hati iliyo wazi kuliko hiyo katika ofisi ile.

Sasa kwako, kijana wa karatasi zenye mistari myekundu. Baba Mtakatifu yule aliishi miaka mingi baada ya kuondoka. Aliulizwa, akajibu kwa mdomo wake kwamba hakuna aliyemsukuma. Mimi jibu kama hilo nililifuata kwa lori la mahindi. Yeye alilitoa bila lori, na bado hamkutaka kulichukua. Shukuni vyeti. Shukuni karatasi zenye harufu ya tangawizi. Lakini mnapopekua neno moja la mtu aliyekwisha kuondoka, mkitafuta mkono uliomsukuma, fungueni kwanza droo zenu wenyewe, mtazame barua gani mlimtumia, na mliongeza nini baada ya sahihi.

Barua yangu ya kuacha kazi nilimsomea Padre wa sasa kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili, kabla sijaifunga. Aliuliza kama kuna cha kuongeza. Nikamwambia kipo, ila kabla hujatia sahihi. Nikachukua kalamu, nikaandika chini kwa mkono, akasoma, akanitazama bila kuelewa, akatia sahihi: hii si ya sabuni.